Waya Mwembamba, Hasara ya Nani?



Wako watu wanaodhani kwamba unene wa waya wa umeme na ukubwa wa jenereta ni mambo ya mhandisi na muuzaji tu, na kwamba chama cha wafanyakazi kikisema neno hapo kimevuka mpaka wake. Sisi hatukubaliani na wazo hilo hata kidogo. Mota ikiungua, wa kwanza kuitwa ofisini ni mwendesha mashine. Kiwanda kikisimama, anayerudishwa nyumbani bila ujira ni kibarua. Na majani ya chai yakiharibika kwa sababu feni za kunyaushia zimezimika, mchumaji anayelipwa kwa kilo ndiye anayeambiwa asije kesho. Basi jambo hili ni letu.

Tuchukue mota moja ya kilowati 90, ya volti 400. Ikiwa katika kazi yake kamili hula kiasi cha ampea 160. Lakini hiyo ni baada ya kushika mwendo. Ikiwashwa moja kwa moja, kwa sekunde chache za mwanzo huvuta mara sita ya hapo, yaani karibu ampea 960. Kila aliyewahi kubeba gunia la kahawa anaelewa: taabu iko pale pa kuliinua, likishakaa begani, mtu hutembea.

Sasa uongozi unataka kupunguza gharama. Waya wa shaba wa milimita za mraba 70 unaonekana ghali, unanunuliwa wa 35. Waya huo wa 35, ukipata hewa ya kutosha, hubeba kiasi cha ampea 120 tu. Ukifungiwa ndani ya bomba pamoja na nyaya nyingine, hupungua tena. Ukilazimishwa kubeba 160 kwa umbali wa mita 100, karibu kilowati 5 hupotea njiani kwa joto tupu. Ni kama pasi tano za umeme zinazowaka juu ya vichwa vyetu tangu zamu ya asubuhi hadi ya usiku. Wa 70 ungepoteza nusu ya hapo. Kwa kazi ya saa 20 kwa siku, tofauti ni kama yuniti 50 kila siku, na mwenye kiwanda huzilipia mwisho wa mwezi. Huko ndiko kubana matumizi? Sisi hatuoni.

Wala hasara haiishii kwenye ankara. Plastiki ya waya unaochemka hukauka, hupasuka, na siku moja shaba hukutana na chuma au na mkono wa mtu. Kabla ya siku hiyo, kinga ya mota huwa imekwisha kukata mara nyingi, na fundi huamrishwa aipandishe ili isikate tena. Amri hiyo tunasema wazi kwamba haifai kutiiwa. Kinga inayokata inatoa habari, na habari hiyo iandikwe katika daftari la zamu pamoja na jina la aliyetaka inyamazishwe.

Kuhusu majenereta, wengi wetu tunaukumbuka mwaka 2004. Bwawa la Rugezi lilikuwa limekaushwa sehemu nyingi kwa kilimo, mvua zikawa haba, maji ya ziwa Burera yakashuka, na kituo cha Ntaruka kilichojengwa mwaka 1959 kikashindwa kutoa umeme wake wa kawaida. Kigali ikaingia katika mgawo, na majenereta ya dizeli yakakodiwa kwa ajili ya taifa zima. Leo hali ni nyingine, hata gesi ya Ziwa Kivu inatoa umeme, lakini jenereta bado iko nyuma ya karibu kila kiwanda, na mara nyingi ilinunuliwa kwa haraka.

Mota yetu ile ile ya kilowati 90, ikiwa mwendoni, inahitaji kama kVA 111. Muuzaji atasema kVA 125 inatosha. Inatosha kuibeba, haitoshi kuiinua, kwa sababu wakati wa kuwashwa inadai zaidi ya kVA 650. Hapo volti huanguka. Na volti zikishuka kutoka 400 hadi 320, nguvu ya mota ya kuzungusha haibaki asilimia 80 kama mtu angefikiri, hubaki 64. Mota inanguruma bila kushika mwendo, inachemka, swichi nyingine zinajiachia zenyewe, kiwanda chote giza. Kuwasha kwa nyota na pembetatu hupunguza umeme wa mwanzo hadi thuluthi moja, nasi tunaupenda mtindo huo kwa feni na pampu. Lakini nguvu ya kuzungusha nayo hushuka hadi thuluthi, kwa hiyo mashine ya kusaga iliyosimama ikiwa imejaa mzigo haitaondoka.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawapendi kulitaja. Kwa kawaida maandishi ya kibati cha mota huhesabiwa kwa mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya bahari. Kigali iko kwenye mita 1,500 na zaidi, na viwanda vya chai vya milimani viko juu kuliko hapo. Hewa ni nyepesi: mota haipoi vizuri, na injini ya dizeli hupungukiwa pumzi. Jenereta iliyohesabiwa kwa Mombasa si jenereta ile ile ikifika kwetu.

Sheria ya kazi nambari 66 ya mwaka 2018 inamtaka mwajiri alinde usalama na afya mahali pa kazi. Kwa maoni yetu, hesabu ya waya na jenereta ni sehemu ya ulinzi huo. Wajumbe wa wafanyakazi waonyeshwe karatasi ya hesabu kabla fedha hazijatoka: urefu wa waya, unene wake, ampea za kuwasha, na mwinuko wa mahali. Na siku ya kupokea jenereta, mota kubwa kuliko zote iwashwe huku nyingine zikifanya kazi, na mita ya volti isomwe mbele ya mjumbe.