Kimya kinatisha kuliko muziki

Filamu nyingi za uhalifu siku hizi hazituachi tuogope wenyewe: mlango haujafunguka, muziki ushatuambia kuna hatari. Itazameni Rififi, filamu ya Ufaransa ya 1955. Wezi wanatoboa sakafu ili washukie duka la vito lililo chini. Takriban nusu saa hakuna neno wala muziki, ni nyundo, pumzi, na vipande vya dari vikidondokea ndani ya mwavuli. Mmoja anagusa piano kwa bahati mbaya, moyo unaruka!

Juzi niliiweka hapa nyumbani Muscat. Wanangu, ambao simu haziwatoki mkononi, hakuna aliyekohoa.

Jamani wenzetu wa Bongo Movie, punguzeni kinanda. Anayesikia pumzi zake mwenyewe haondoki kitini.