WA NYUKI NA WA ALIZETI WAKAE PAMOJA

Ndugu wanachama,

Kikundi cha alizeti kina mkutano wake, cha nyuki chake, kuulizana hamna. Jamani, hasara ni yetu sote! Nyuki ndiye hubeba chavua, alizeti ikajaza mbegu. Mkulima anayepiga dawa mchana, maua yamechanua, anaua nyuki wa mwenzie na kupunguza mbegu zake mwenyewe.

Kuunganisha nguvu si jambo geni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliunganisha redio, vitabu na vikundi vya kisomo, na vyoo vikachimbwa vijijini. Redio peke yake haichimbi choo!

Basi tukutane kabla ya kupanda, tupatane saa za kupiga dawa na mahali pa mizinga. Shamba moja litoe mafuta na asali.

Umoja ni nguvu.

Katibu