Biashara ya saa 24 Kariakoo: mauzo ya usiku ni ya tarehe ipi?

Dar es Salaam. Mpango wa biashara ya saa 24 Kariakoo, uliozinduliwa mwaka 2025, umewafungulia wafanyabiashara wa Mtaa wa Msimbazi na mitaa jirani fursa ya kuuza hadi usiku wa manane. Umeibua pia swali ambalo kwa mauzo ya mchana halikuwa na uzito: mauzo ya saa hizo huhesabiwa katika tarehe ipi?

Mfanyabiashara akiuza vitenge saa saba usiku wa kuamkia Julai 1, risiti ya mashine ya EFD inapaswa kuonesha Julai 1, saa 01:00. Hata hivyo, seva nyingi hutunza kumbukumbu kwa saa ya kimataifa, UTC, ambayo iko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa tatu. Kwa seva hiyo, mauzo yamefanyika Juni 30, saa 22:00.

Kutunza kumbukumbu kwa UTC si kosa. Kosa hutokea pale programu ya hesabu inapofunga siku kwa tarehe ya seva bila kuigeuza kwanza kuwa ya Dar es Salaam. Mauzo yote ya kati ya saa sita na saa tisa usiku hurudi siku ya nyuma. Kwa kuwa ritani ya VAT huwasilishwa kila mwezi, mauzo ya Julai yataingia Juni, na hesabu za duka hazitalingana na risiti zake.

Tanzania haibadilishi saa kwa majira, hivyo tofauti hiyo ya saa tatu haiyumbi. Guangzhou, China, nako huwa mbele ya Dar es Salaam kwa saa tano mwaka mzima. London ni tofauti: huwa nyuma kwa saa tatu, lakini kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba, kwa saa mbili. Ni salama zaidi programu itunze jina la mji kuliko idadi ya saa.

Mteja naye ana wajibu wa kudai risiti na kusoma tarehe yake. Uhakiki katika mfumo wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) huhitaji saa ya risiti. Aliyenunua saa saba usiku huandika 01, kama ilivyochapwa, si 07.