Na mkono je?

Jamani, tukizungumzia saratani ya matiti huwa tunaishia kwenye upasuaji. Mgonjwa akiruhusiwa kurudi nyumbani tunamshukuru Mungu, tunampikia supu, basi. Mkono wake nani anauangalia?

Mara nyingi daktari huondoa pia tezi za limfu za kwapani. Tezi hizo ni sehemu ya njia inayopitisha maji ya mwilini. Zikitolewa, maji yanaweza kutuama na mkono ukavimba. Unaweza kuvimba baada ya miezi, au hata miaka. Ukishavimba kwa muda mrefu, kuurudisha kama zamani ni kazi ngumu. Kinga ndiyo ya kukimbilia.

Ushauri uliozoeleka ni "usibebe kitu kizito tena." Sawa, lakini mama anayechota maji, anayesonga ugali na kubeba mjukuu, nani atambebea? Tena ushauri wenyewe umepitwa na wakati. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitoa matokeo ya wanawake 154 walioondolewa tezi. Kundi moja lilinyanyua vyuma kwa mwaka mzima, likianza na uzito mdogo na kuongeza kidogo kidogo chini ya uangalizi. Waliovimba mkono kwenye kundi hilo walikuwa asilimia 11. Kwenye kundi lisilonyanyua, asilimia 17. Kwa walioondolewa tezi tano au zaidi tofauti ilikuwa kubwa zaidi: asilimia 7 kwa 22.

Maana yake si kwamba mama atoke wodini akabebe gunia. Maana yake ni kwamba mkono unahitaji kuzoeshwa taratibu, na anayefanyiwa upasuaji ana haki ya kufundishwa namna.

Kwa hiyo nasema hivi: hospitali zipime mikono yote miwili kabla ya upasuaji. Futi ya fundi cherehani inatosha, hatuhitaji mfadhili kwa hilo. Mgonjwa aondoke na maelekezo ya mazoezi, aambiwe alinde ngozi isipate majeraha, na akiona wekundu, joto au homa awahi hospitali.

Na sisi tunaowasindikiza mama, shangazi na dada zetu tuulize mapema: ni lazima tezi zote zitoke? Kwa saratani iliyogunduliwa mapema, wakati mwingine hutosha kutoa chache tu. Kuuliza si kumkosea daktari adabu.