Septemba 1928: habari kubwa haikuandikwa gazetini

Msomaji mpenzi, ukitaka kujua jinsi dunia inavyozibwa masikio na makelele yake yenyewe, chukua mwezi mmoja wa zamani, uutazame siku baada ya siku, kisha ujiulize ni habari gani zilizovuma na zipi zilizobaki. Jumapili hii nimeuchagua mwezi wa Septemba mwaka wa 1928. Kama una babu au nyanya aliyezaliwa mwezi huo, basi leo anakaribia kutimiza miaka mia moja, na huenda hakuambiwa kamwe ni mambo gani yaliyokuwa yakitendeka duniani wakati alipokuwa akinyonya.

Watu wa wakati huo walikuwa na matumaini makubwa. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imemalizika miaka kumi nyuma. Tarehe 27 Agosti, siku chache tu kabla ya mwezi wetu kuanza, mataifa 15 yalikuwa yamekutana Paris na kutia sahihi mkataba wa kuacha kutumia vita kusuluhisha magomvi. Ujerumani ilitia sahihi. Italia ilitia sahihi. Japani nayo vilevile. Yaliyofuata unayajua, sina haja ya kukusimulia.

Basi Septemba ikaingia siku ya Jumamosi. Siku hiyo ya kwanza, huko Albania, bwana mmoja kwa jina Ahmet Zogu aliamka rais akalala mfalme. Alikuwa na umri wa miaka 32, na tangu siku hiyo akaitwa Mfalme Zog wa Kwanza. Magazeti ya Ulaya yaliipenda sana habari hii, na nani angewalaumu? Mfalme kijana ni habari tamu. Ufalme wenyewe ulidumu hadi Aprili 1939, majeshi ya Italia yalipovamia nchi hiyo naye akatoroka pamoja na malkia wake, ambaye alikuwa amejifungua mtoto wa kiume siku mbili tu kabla ya uvamizi.

Jumanne tarehe 11, katika mji wa Schenectady, jimbo la New York, kampuni ya General Electric ilirusha hewani mchezo wa kuigiza kwa runinga. Usifikirie runinga hii uliyo nayo sebuleni, ndugu yangu. Kioo cha kutazamia kilikuwa cha inchi tatu hivi, na kamera zenyewe ziliweza kunasa uso au mikono tu, wala si mtu mzima. Kwa hivyo walitafutwa waigizaji wa kutoa nyuso na wengine wa kutoa mikono! Watazamaji walikuwa wahandisi na waandishi wachache. Wiki moja baadaye, tarehe 18, Wajerumani wakarusha kwa mara ya kwanza chombo chao cha Graf Zeppelin, puto la kusafiria lenye umbo la sigara na urefu wa zaidi ya mita 236. Watu walikodoa macho juu hadi shingo zikauma.

Na huku kwetu? Mwishoni mwa mwezi huo Edward, mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, aliwasili Mombasa pamoja na ndugu yake Henry, wakiwa na hamu ya kuwinda. Masetla walijawa na furaha isiyo kifani. Kumbuka kuwa ni katika mji huohuo wa Mombasa, mwezi wa Juni mwaka huohuo, ambapo wajumbe kutoka nchi za Afrika Mashariki walikutana na kukubaliana kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, lugha hii unayoisoma sasa hivi. Edward mwenyewe alirithi ufalme Januari 1936 na kuutema Desemba hiyohiyo. Kile Kiswahili kingali kipo. Lakini nani angethubutu, mwaka wa 1928, kuuweka mkutano wa wana-sarufi ukurasa wa mbele na kumsukuma mwana wa mfalme nyuma?

Sasa nakuomba uketi vizuri, maana tunafika kwenye mambo mazito.

Katikati ya mwezi huo kimbunga kikali kilizuka katika bahari ya Atlantiki. Tarehe 12 kilikipiga kisiwa cha Guadeloupe, tarehe 13 kikapita Puerto Rico, na kote huko kikaacha maiti na vifusi. Jioni ya Jumapili tarehe 16 kikatua pwani ya jimbo la Florida, Marekani, karibu na mji wa West Palm Beach. Hapo ndipo palipokuwa na majumba ya matajiri waliokwenda kuota jua wakati wa baridi. Habari za kwanza zilizotoka Florida zilikuwa za hayo majumba, hoteli na mali iliyoharibika. Simu za huko ndani zilikuwa zimekatika na barabara zimezibwa na maji.

Lakini umbali wa kilomita sitini na kitu kutoka pwani kuna ziwa liitwalo Okeechobee, pana kweli lakini kina chake ni kifupi kama sahani. Kusini mwa ziwa hilo, katika vijiji na miji midogo kama Belle Glade, Pahokee na South Bay, ardhi ni nyeusi na ina rutuba ajabu. Waliolima huko wengi walikuwa vibarua weusi, Wamarekani na wengine waliovuka kutoka visiwa vya Bahamas, wakichuma maharagwe na kukata miwa. Walilala katika vibanda vya mbao. Kilichowatenga na ziwa kilikuwa ni boma la udongo lisilozidi kimo cha mtu mzima.

Wengi walikuwa wameonywa siku hiyo mchana, nao wakahama. Walipoona saa iliyotajwa imepita na mbingu haijafanya lolote la ajabu, wakarudi majumbani mwao. Ungefanya nini wewe, na watoto wana njaa, na kuku umewaacha nje? Usiku ulipoingia, upepo ukayasukuma maji ya ziwa lote kuelekea kusini, boma likapasuka, na maji yakawakuta watu gizani. Waliopanda juu ya paa walibebwa pamoja na paa. Wengine walining'inia juu ya miti hadi alfajiri, mitini humo humo wakiwa na nyoka waliokimbia mafuriko kama wao.

Asubuhi ndipo aibu ilipoanza. Maiti zilikuwa nyingi na jua la Florida halina simile. Wanaume weusi walilazimishwa kwa mtutu wa bunduki kuzikusanya, hata wale waliokuwa wakitafuta jamaa zao, na mmoja aliyejaribu kuondoka alipigwa risasi akafa. Majeneza yalikuwa machache, na amri ikawa kwamba ni ya wazungu. Katika mji wa West Palm Beach, maiti 69 za wazungu zilizikwa katika makaburi ya Woodlawn kwa heshima na sala. Maiti 674 za watu weusi zilitupwa ndani ya shimo moja kwenye kiwanja cha kuzikia maskini, zikafukiwa, basi. Hapakuwekwa jiwe wala jina. Kwingineko, zilizokuwa zimeharibika mno zilikusanywa kama kuni zikachomwa moto.

Hesabu rasmi iliyotolewa wakati huo ilisema watu 1,836 walikufa Florida. Takwimu hiyo ilirudiwa na kila kitabu kwa miaka 75. Mwaka wa 2003 ndipo wataalamu wa serikali ya Marekani wa mambo ya vimbunga walipoirekebisha wakasema waliokufa hawakupungua 2,500, na takriban robo tatu yao walikuwa vibarua wa mashambani. Hebu fikiria, msomaji: zaidi ya watu mia sita walikuwa wamesahauliwa na penseli ya karani. Vibarua hao walikuja na msimu na kuondoka na msimu. Wengine walijulikana kwa majina ya utani tu, na aliyewajua kwa majina ya utani alizama nao. Lile shimo la West Palm Beach lilikaa miongo mingi bila alama yoyote, kiwanja kikiuzwa na kununuliwa kama kiwanja kingine chochote, hadi wakazi wa mtaa walipopiga kelele, na manispaa ikakirudisha mikononi mwake mwaka wa 2000. Mwandishi Zora Neale Hurston, mwanamke mweusi wa huko huko Florida, alikuwa ameyaweka maafa hayo ndani ya riwaya yake ya mwaka wa 1937. Wasomaji wa riwaya waliyajua mapema kuliko wasomaji wa takwimu.

Hiyo ndiyo habari ya kifo. Ya uhai inabidi turudi nyuma hadi Jumatatu tarehe 3, London, siku mbili baada ya Zog kujitwalia taji.

Siku hiyo Alexander Fleming, daktari wa Kiskoti wa umri wa miaka 47, alirejea katika maabara yake katika hospitali ya St Mary's, mtaa wa Paddington, baada ya kwenda likizo na familia yake. Alikuwa mtu asiyejali unadhifu wa meza. Kabla ya kuondoka alikuwa ameacha rundo la visahani vya kioo alimokuwa akikuza bakteria wale wanaoleta majipu na vidonda vyenye usaha. Aliporudi akaanza kuvipanga vya kuosha. Kimojawapo kilikuwa kimeota kuvu, kama ile inayoota juu ya mkate uliosahauliwa kabatini. Mtu mwingine angekitosa ndani ya dawa ya kuoshea. Fleming alikitazama mara ya pili akaona kwamba kuzunguka ile kuvu bakteria walikuwa wameyeyuka, pakabaki peupe.

Hakuna gazeti lililoandika habari hiyo. Lingeandika nini? "Daktari aota kuvu"? Hata wenzake hawakushtuka. Februari 1929 alipoisoma ripoti yake mbele ya wanasayansi wa London, hakuna aliyemuuliza hata swali moja. Mwezi uliofuata maji ya ile kuvu akayapa jina la penisilini, na katikati ya mwaka akachapisha makala yake. Kisha akakwama, kwa sababu dawa yenyewe ilikuwa haba na iliharibika upesi kila alipojaribu kuisafisha.

Miaka kumi ikapita hivyo. Tafadhali usiipite sentensi hiyo haraka. Katika miaka hiyo kumi wanawake waliendelea kufa kwa homa baada ya kujifungua, watoto waliendelea kufa kwa nimonia, na mtu aliyekatwa kidogo na wembe aliweza kuzikwa mwezi huohuo, hali dawa imekwisha kuandikwa katika jarida lililokuwa rafuni.

Waliolifungua tena jarida hilo walikuwa wanasayansi wa Oxford, wakiongozwa na Howard Florey na Ernst Chain, Mjerumani wa Kiyahudi aliyewakimbia Wanazi. Mwenzao Norman Heatley, ambaye watu wengi hawalijui jina lake ingawa bila mikono yake pasingekuwa na dawa, aliikuza kuvu hiyo hata ndani ya vyombo vya kujisaidia wagonjwa, kwa kuwa vita vilikuwa vimeanza na vifaa vilikuwa adimu. Februari 1941 wakamdunga askari polisi mmoja, Albert Alexander, ambaye maambukizi yalikuwa yamemla uso hadi akang'olewa jicho. Kesho yake homa ikashuka, akaanza kula. Siku chache baadaye dawa ikaisha. Walikuwa wakiichuja kutoka katika mkojo wake na kumdunga tena, lakini haikutosha. Alifariki tarehe 15 Machi.

Baadaye Wamarekani waliingilia kati kwa viwanda vyao, na aina ya kuvu iliyozaa dawa nyingi kuliko zote ilipatikana mwaka wa 1943 juu ya tikiti lililooza, katika mji wa Peoria. Mwaka wa 1945 Fleming, Florey na Chain wakapewa Tuzo ya Nobel. Heatley hakupewa.

Desemba mwaka huo, akiihutubia hadhara ya Stockholm, Fleming angeweza kujisifu na kuketi. Badala yake alisimulia kisa cha kubuni cha mume na mke. Mume anaumwa koo. Ananunua penisilini mwenyewe, anameza kidogo, isiyotosha kuwaua viini bali inayotosha kuwafunza kuizoea. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anashikwa na nimonia, anapewa penisilini ileile, nayo haifanyi kazi, na mke anakufa. Fleming akauliza ni nani aliyemuua mke huyo, akajibu mwenyewe kwamba ni mumewe.

Hiyo ilikuwa mwaka wa 1945, dawa hiyo ikiwa bado mpya hata maduka mengi hayajaiona. Nenda leo jioni katika duka la dawa lililo karibu na steji yako, usimame kando dakika kumi, uhesabu ni wateja wangapi wanaoomba vidonge vinne vya antibayotiki kwa sababu pesa za dozi nzima hazikutimia.