Julie si Mhanga wala Shujaa: Kazi na Ndoa katika Riwaya ya Gap Creek

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii ilinijia akilini muhula mmoja uliopita, katika semina ya fasihi linganishi, pale mwenzetu mmoja alipohitimisha mjadala wa riwaya ya Gap Creek kwa kauli fupi: kwamba mhusika wake mkuu ni mwanamke mnyonge, na kwamba riwaya yenyewe haimkomboi. Wengi tuliafiki kwa kunyamaza. Neno "mhanga" likaandikwa ubaoni, tukafungua kitabu kingine. Nilitoka darasani nikiwa na dukuduku, ila sikuwa na hoja. Makala haya ni jibu langu lililochelewa.

Kwanza, kwa faida ya msomaji ambaye hajabahatika kuisoma riwaya hii. Gap Creek ni kazi ya Robert Morgan, mshairi na mwandishi wa riwaya aliyezaliwa mwaka 1944 huko Hendersonville, katika milima ya jimbo la North Carolina nchini Marekani. Ilichapishwa mwaka 1999, na mwanzoni mwa mwaka 2000 Oprah Winfrey aliiteua katika klabu yake ya vitabu, ikawafikia wasomaji wengi ambao hawakuwa wamewahi kulisikia jina la Morgan. Anwani yake ndogo inatangaza kuwa hii ni hadithi ya ndoa. Mandhari ni Appalachia, safu ya milima ya mashariki mwa Marekani, hasa mpakani mwa North Carolina na South Carolina, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Ni miongo michache tu baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865. Viwanda vya pamba vinachipuka chini ya milima, na wakulima wadogo wanaanza kushuka kutafuta ujira.

Msimulizi ni Julie Harmon, msichana ambaye bado hajatimiza miaka ishirini. Riwaya inafunguka kwa kifo cha mdogo wake wa kiume, kisha baba anafariki kwa kifua kikuu. Julie anaolewa na kijana aitwaye Hank Richards baada ya uchumba wa muda mfupi sana, nao wanahamia bonde la Gap Creek, kwenye nyumba ya mzee mjane, Bwana Pendergast. Yanayofuata ni msururu wa masaibu: moto, kifo cha mzee huyo, tapeli, gharika, njaa, na mtoto anayezaliwa kabla ya siku zake na kufa.

Ukiyaorodhesha matukio hayo kama nilivyofanya hapa, neno "mhanga" huja lenyewe. Hapo ndipo penye kosa letu. Sisi wanafunzi wa fasihi, hasa tunapoandika tasnifu kuhusu nafasi ya mwanamke, tumezoea kubeba makasha mawili. Kasha la kwanza ni la mwanamke aliyekandamizwa. La pili ni la mwanamke aliyejikomboa. Kila mhusika wa kike lazima atiwe katika mojawapo, na asiyeingia katika la pili husukumwa ndani ya la kwanza. Julie haachi ndoa yake, hahutubii mtu, wala haendi mjini. Basi tukamsukuma.

Msimamo wangu ni kwamba makasha haya yanatuzuia kuona kiini cha riwaya hii, nacho ni kazi. Simaanishi kazi kama dhamira ya kutajwa katika orodha baada ya mapenzi na umaskini. Namaanisha kazi ya mikono, inayosimuliwa hatua kwa hatua: kukata na kupasua kuni, kufua, kuchinja nguruwe, kukatakata shahamu na kuiyeyusha motoni. Julie anaifahamu kazi hii tangu ujanani. Baba alipougua na nyumba ikawa haina mwana wa kiume wa kumsaidia, mzigo wa kazi nzito ulimwangukia yeye, wala si dada zake. Alilalamika moyoni, akafanya. Ndoa aliiona kama mlango wa kuupumzisha mgongo. Alipoufungua, akakuta kuni zilezile zikimngoja upande wa pili.

Ugomvi wa Julie na Hank hauwezi kueleweka bila kutazama nani anafanya nini chini ya paa lile. Makubaliano na Bwana Pendergast ni kwamba Julie atampikia, atamfulia na kumtunzia nyumba, na huduma hiyo itakuwa ndiyo kodi. Tafakari maana yake. Hank anafanya kibarua cha kufyatua matofali ya kujengea kiwanda cha pamba, naye anajihesabu kuwa ndiye mlishi wa nyumba, kama desturi ya zama zake ilivyomfunza. Lakini paa lililo juu ya kichwa chake linalipiwa na mikono ya mkewe. Kibarua kinapomponyoka, hesabu hiyo inakuwa wazi kwa wote wawili, na hakuna anayeweza kuitamka. Kuanzia hapo kila jambo dogo ni cheche.

Hebu tuchukue kisa cha moto. Julie anayeyusha shahamu jikoni, mafuta yanashika moto na moto unaishika nyumba. Bwana Pendergast anarejea ndani kuokoa akiba yake ya fedha, anaungua, na hatimaye anafariki. Baadaye anatokea mwanamume anayejidai kuwa wakili, naye anafaulu kumtisha Julie mpaka akampa fedha za marehemu. Hank anapopata habari, hasira zake zinamwangukia mkewe bila huruma. Msomaji wa haraka ataona hapa mume katili na mke mjinga. Mimi naona watu wawili wasio na hati wala mkataba, wanaoishi katika nyumba ambayo mwenyewe amekufa, na ambao hawajui sheria inasema nini juu yao. Tapeli yule hakuhitaji bunduki. Alichohitaji ni maneno ya kisheria mbele ya mtu ambaye hakupewa nafasi ya kuyajifunza. Hank naye asingejua zaidi ya Julie. Anamkaripia kwa ujinga walio nao wote wawili. Sisemi haya kumtetea. Mume anayemtupia mkewe uzito wa aibu yake ana hatia, na riwaya haimfichi. Nasema tu kwamba Morgan anatuonyesha hasira hiyo inachotwa kutoka kisima gani.

Hata mamake Hank, anayewatembelea na kumnyima Julie raha kwa maneno yake, hatumwelewi vyema tukimtia katika kundi la mama wakwe wabaya ambalo hadithi za dunia nzima zinalo. Ukali wake mkubwa unahusu namna kazi inavyofanywa: nani anajua kupika, nani anajua kuweka nyumba. Mwanamke huyu hana mamlaka nje ya jiko, hivyo analipigania jiko kama mfalme anavyopigania ngome yake ya mwisho.

Ushahidi wangu mkubwa kuliko yote uko karibu na mwisho wa riwaya. Julie anajifungua akiwa peke yake, mtoto akiwa hajatimiza siku zake, na yeye mwenyewe anazidiwa na homa. Sasa Hank, aliyekuwa mwepesi wa hasira na mwepesi wa kukata tamaa, ndiye anayepika, ndiye anayefua, ndiye anayemkesha mtoto. Mtoto hapati kupona. Lakini ndoa ile, ambayo haikuwa imetengenezwa na maneno ya mapenzi wala na toba, inaanza kutengemaa pale mume anapotia mikono yake katika maji ya kufulia. Mhakiki anayetafuta hotuba ya ukombozi atapita ukurasa huo bila kusimama. Mimi nilisimama hapo kwa muda mrefu, maana sikumbuki kuona mahali pengine ambapo mgawanyo wa kazi za nyumbani umebeba uzito wote wa msuko namna hii.

Kuna suala la usimulizi pia. Julie anasema kwa nafsi ya kwanza, kwa lugha ya watu wa milimani isiyo na madoido. Linganisha na kazi zetu tunazozisoma mara kwa mara. Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, mateso ya Regina mikononi mwa Zakaria tunayapata kwa msimulizi wa nafsi ya tatu. Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, kutalikiwa kwa Bi Tamima tunakushuhudia kwa njia hiyohiyo. Ni riwaya kubwa, na sithubutu kuzipunguzia hadhi. Ila mke ndani ya ndoa, akiisimulia ndoa yake kwa kinywa chake mwenyewe tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ni sauti ambayo bado ni adimu katika riwaya ya Kiswahili. Ni kweli kwamba sauti ya Julie imetungwa na mwanamume, na swali hilo ni halali. Inasemekana Morgan alichota mengi katika maisha ya babu na bibi yake. Pengine ndiyo sababu Julie anazungumza kama mtu aliyesikilizwa kabla ya kuandikwa.

Nilijaribu kutafsiri kurasa chache za riwaya hii kwa ajili ya semina. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa ya Kiswahili sanifu kilichopigwa pasi, na Julie akatoka akizungumza kama mhadhiri wa maadili. Nikairudia kwa maneno ya jikoni na ya shambani: kupasua, kuinjika, kukamua, kusuuza. Hapo tu ndipo aliponikubali. Lugha yetu imejaa msamiati wa kazi. Kinachokosekana ni imani yetu kwamba msamiati huo unafaa kubeba riwaya nzima.

Sitaki msomaji adhani kuwa riwaya hii haina dosari. Masaibu yamerundikana mno katika kipindi kifupi mno, kiasi kwamba gharika inapofika mtu hushangaa ni janga gani lililobakia. Hank naye tunamjua kwa nje zaidi ya ndani. Lakini dosari hizi ni za ujenzi wa msuko. Hazihusiani na lile shtaka la semina yetu, kwamba Julie hana uwezo.

Mwishoni warithi wa Bwana Pendergast wanajitokeza kudai nyumba yao. Julie na Hank wanaondoka kwa miguu, wakiupanda mlima kurudi walikotoka, mikono karibu mitupu, naye Julie ana mimba nyingine. Wenzangu waliuita mwisho huo kushindwa. Ni kweli wamepoteza nyumba, fedha na mtoto. Hata hivyo, walipoushuka mlima ule walikuwa wageni wawili waliooana. Wanapoupanda, mzigo umegawanywa. Morgan aliirudia familia hii mwaka 2013 katika The Road from Gap Creek, safari hii msimulizi akiwa binti yao. Ndoa ile ilidumu, ikazaa msimulizi mwingine.

Ninawaomba basi wanafunzi wenzangu, pamoja na wahadhiri wanaosimamia tasnifu zetu, kwamba kabla ya kumwita mke yeyote wa riwayani mhanga au shujaa, tujiulize maswali matatu. Nani anafanya kazi katika nyumba hii? Nyumba yenyewe ni ya nani? Na nani anatusimulia? Niliyauliza maswali haya kuhusu Julie, nikagundua kwamba mwanamke tuliyemwita mnyonge ndiye aliyekuwa akiishikilia nyumba isianguke. Kunguni wa kitanda kile yeye ndiye aliyewajua. Sisi tulikuwa tumesimama mlangoni, tukihesabu.