Silent Hill na watoto wanaoitwa baloji

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2026 filamu mpya ya kuogopesha imetoka: Return to Silent Hill, ya Mfaransa Christophe Gans, inayotokana na mchezo wa video wa kampuni ya Konami ya Japani. Vijana wa Lubumbashi wanaoupenda mchezo huo wataitafuta. Lakini filamu ya kwanza ya Gans, ile ya 2006, ndiyo inayotugusa zaidi.

Ndani yake mama mmoja, Rose, anamtafuta binti yake katika mji wa machimbo ulioachwa. Majivu yanaanguka kama mvua, kwani makaa ya mawe yanawaka chini ya ardhi. Mambo hayo si ya kubuni yote: mwandishi Roger Avary alifikiria mji wa Centralia, kule Pennsylvania, ambako moto unawaka chini ya ardhi tangu 1962. Sisi tunaoishi chini ya bomba la moshi la Gécamines tunaelewa upesi mji wa namna hiyo.

Katika mchezo wa 1999, Dahlia mwenyewe anamtoa binti yake Alessa kafara motoni, ili mungu wa dhehebu lake azaliwe. Filamu imegeuza kisa. Dahlia amekuwa mama dhaifu. Alessa hana baba anayejulikana, na wenzake wa shule wanamwita mchawi. Waumini, wakiongozwa na mwanamke Christabella, wanamwambia mama awaachie mtoto ili atakaswe. Wanamchoma. Mazimwi yote tunayoyaona yanakuja nyuma ya moto huo, si mbele yake.

Hapa kwetu jambo hilo halihitaji mchezo wa video. Kifo katika familia, baba kufukuzwa kazi, mtoto mwenye kifafa au anayekojoa kitandani, na mtu anatamka neno: muloji. Mara nyingi ni yatima, ao mtoto wa mke mwingine. Anapelekwa kwenye chumba cha maombi, ananyimwa chakula, anapigwa mpaka akubali. Wengine wanaishia barabarani.

Msanii Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, analibeba neno hilo katika jina lake. Filamu yake Augure, iliyopata tuzo huko Cannes mwaka 2023, inamwonyesha Koffi akirudi kutoka Ubelgiji. Familia bado inamwita zabolo kwa sababu ya alama ya kuzaliwa usoni. Damu inamtoka puani akiwa amembeba mtoto mchanga wa dada yake, na nyumba nzima inalipuka. Hakuna zimwi linalokimbiza watu; mimi iliniogopesha kuliko Silent Hill.

Sheria ipo. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2006 kinakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na kifungu cha 160 cha sheria ya tarehe 10 Januari 2009 kinampa mshtaki kifungo cha mwaka 1 mpaka 3, pamoja na faini. Ila mshtaki mara nyingi ni mzazi, mjomba ao pasta, wale wale ambao wangepaswa kumpeleka mtoto polisi. Mtoto wa miaka 9, umri wa Alessa, hafiki mahakamani peke yake. Anabaki jirani, na jirani naye anaogopa kuitwa muloji.

Katika filamu, askari Cybil, aliyejaribu kumsaidia Rose na binti yake, naye anachomwa.